Msiiwekee Sheria Matanga

Imekuwa ada siku hizi, katika mabaraza yetu na hata katika kurasa za mashairi, mtu akiutaja ukuta uliojengwa na Israel katika ardhi ya Wapalestina, mwenziwe humdakia kabla hajamaliza: sheria ya kimataifa imekufa, yanini kujichosha? Husemwa kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuona mengi. Wasikilizaji hutikisa vichwa, kahawa huzungushwa, na mazungumzo yakahamia kwenye bei ya samaki. Mimi kauli hiyo naiita uvivu uliovaa kanzu. Tena ni uvivu wenye faida kwa mtu, kwani hapana mjenzi wa ukuta asiyefurahi kusikia kwamba sheria iliyomkataza imeshazikwa. Maiti hadai.

Wengi wanaoitangaza tanzia hiyo hawajapata kuyasoma maneno ya huyo wanayemzika. Siwalaumu sana. Mahakama ya Kimataifa ya Haki, iliyoko The Hague, huandika kwa Kiingereza na Kifaransa tu, na maandishi yake ni marefu na makavu kama kaukau. Lakini nimekaa nayo kwa ajili ya kazi yangu ya kufasiri, bila ya kupita chuo chochote cha sheria, na nashuhudia kwamba yanasomeka. Basi na tuanze na yaliyomo, matanga tutayazungumza baadaye.

Ujenzi ulianza mwaka 2002, wakati wa intifadha ya pili, na sababu iliyotolewa na serikali ya Israel ni kuwazuia washambuliaji wa kujitoa mhanga waliokuwa wakiua raia katika mabasi na mikahawa. Sababu hiyo si ya kubezwa. Watu waliuawa kweli, na kila serikali ina haki ya kuwalinda watu wake. Walakini mwenye kujilinda hujenga ukingoni mwa kiwanja chake. Mstari wa Kijani, yaani mstari wa kusimamisha vita wa mwaka 1949, una urefu wa kilomita zipatazo 320. Njia ya ukuta iliyopangwa ina kilomita zaidi ya 700. Fundi yeyote wa mtaani angeuliza vipi ukuta umekizidi kiwanja mara mbili. Jawabu ni kwamba ukuta hauufuati mpaka: takriban asilimia 85 ya njia yake imo ndani ya Ukingo wa Magharibi, ikijipinda huku na huku ili iyakumbatie makaazi ya walowezi na kuyatia upande wa Israel, pamoja na mashamba na visima vya watu wengine.

Katika maoni ya Mahakama ya tarehe 9 Julai 2004 mna fungu moja, la 67, ambalo mtu wa mashairi hawezi kulipita bila ya kusimama. Majaji wanajadili jina. Israel ilikiita kitu kile uzio. Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa alikiita kizuizi. Baraza Kuu lilikiita ukuta. Mahakama ikasema kwamba kitu chenyewe ni mchanganyiko wa mambo mengi, kwamba hakuna jina hata moja kati ya hayo linalokieleza sawasawa kwa umbo lake, na kwa hivyo yenyewe itashika jina la Baraza Kuu. Na ni mchanganyiko kweli. Mahali pengi ni uzio wenye mitambo ya kunusa mguso, handaki la kina cha hadi mita nne, barabara ya lami ya doria, ukanda wa mchanga wa kuonyesha nyayo, na mizunguko sita ya seng'enge za miba. Yote hayo kwa upana wa mita 50 hadi 70, na kwingine hufika mita 100. Karibu na miji ndipo panaposimama zege.

Sisi tunao ua, uzio, kitalu, boma na ukuta, na kila neno lina mahali pake. Ua ni wa nyumba. Ndani yake mna watu, kuku, jiko na stara. Mwenye ua hutoka apendapo na mgeni ndiye anayepiga hodi. Sasa tazama Qalqilya, kama ilivyoelezwa mbele ya Mahakama: mji wa watu 40,000, umezungukwa pande zote, na wakaazi wake wanaingia na kutoka kwa lango moja la kijeshi, linalofunguliwa saa moja asubuhi na kufungwa saa moja jioni. Ua wa namna gani huo, ambao wenyeji ndio wanaopiga hodi ili watoke? Ndiyo maana nang'ang'ania neno ukuta kila ninapofasiri, na mhariri akilibadili kuwa "uzio wa usalama" namrudishia.

Baada ya jina ndipo ikaja hukumu, au tuseme maoni, kwa kuwa hivyo ndivyo yanavyoitwa. Kwa kura 14 kwa 1 Mahakama ilisema kwamba kuujenga ukuta ndani ya ardhi inayokaliwa, pamoja na Jerusalem ya Mashariki na kandokando yake, ni kinyume cha sheria. Kwamba Israel iache kujenga, ibomoe kilichokwisha kujengwa ndani ya ardhi ile, na ilipe fidia ya hasara. Juu ya hoja ya usalama ilisema kwamba haikusadiki kuwa njia ile khasa ndiyo iliyolazimika. Na ilionya kwamba ukuta ukidumu utakuwa sawa na kuinyakua ardhi, hata kama mjenzi anauita wa muda.

Yule mmoja aliyepinga alikuwa Thomas Buergenthal, jaji wa Kimarekani, ambaye mwenyewe alinusurika katika kambi ya Auschwitz akiwa mtoto. Wapenzi wa ukuta humtaja sana. Wangemsoma kwanza. Alilalamika kwamba Mahakama haikuwa na ushahidi wa kutosha kuhusu mashambulizi na mahitaji ya ulinzi, na kwa hivyo haikupaswa kujibu. Lakini katika tamko lake lile lile alikubali kwamba Mkataba wa Nne wa Geneva unahusika katika ardhi ile, na kwamba makaazi ya walowezi yanauvunja. Kwa hivyo, hata yule mmoja hakuyatetea makaazi ambayo ukuta ulipindishwa kwa ajili yao.

Hapa ndipo msema tanzia anaponijia juu: "Naam, yote hayo yaliandikwa. Ukuta uko wapi leo?" Umesimama. Mimi nami namwuliza: aliyeambiwa aubomoe ni nani, na wengine waliambiwa nini? Kwani uamuzi haukuishia kwa Israel. Kipande chake cha nne, kilichopita kwa kura 13 kwa 2, kinaziambia serikali zote za dunia kwamba ni wajibu wao kutoitambua hali iliyoletwa na ukuta, na kutotoa msaada wa kuidumisha. Cha tano kinauambia Umoja wa Mataifa, khasa Baraza Kuu na Baraza la Usalama, ufikiri hatua gani zaidi zichukuliwe.

Kufasiri vipande hivyo viwili kulinitoa jasho. Mahakama inatumia neno la Kilatini, erga omnes, kueleza wajibu ambao mtu anao kwa wote. "Wajibu kwa wote" ni sahihi, lakini kwa Kiswahili linasikika kama bango la mkutano. Nilipolitafuta neno lenye uzito nilijikuta katika fikihi, nako nikakuta jambo ambalo wanasheria wengi hawalielezi vizuri hivyo. Sisi tumefundishwa tangu chuoni kwamba kuna faradhi ya kifaya na faradhi ya aini. Maiti wa mtaani kuoshwa, kukafiniwa, kusaliwa na kuzikwa ni kifaya: wakitokea wachache wakaifanya, wengine wote wamesalimika, asipotokea mtu, mtaa mzima una dhambi. Sala tano ni aini: hapana wa kukusalia.

Sasa rudi kwenye uamuzi. Hatua za pamoja za Umoja wa Mataifa ni kifaya. Zinahitaji mkusanyiko, na mkusanyiko unaweza kuvunjwa na mtu mmoja mlangoni. Ulivunjwa hata kabla ya kesi: tarehe 14 Oktoba 2003 azimio la kuulaani ukuta lilipata kura 10 katika Baraza la Usalama, nchi nne hazikupiga kura upande wowote, na Marekani ikalizima kwa kura yake ya turufu. Hapo sikatai, sheria ina ulemavu, na ulemavu huo umeandikwa katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa tangu mwaka 1945 na wale wale walioshinda vita.

Lakini kutotambua na kutosaidia ni aini. Haihitaji Baraza, haihitaji mkutano, wala hapana kura ya turufu inayoweza kuizuia nchi isiuze saruji, isinunue matunda ya makaazi ya walowezi, isiingie ubia na mitambo ya ulinzi wa ukuta. Kila serikali ingeweza kuitekeleza peke yake tangu siku ile ya Julai. Na zipo zilizojaribu kidogo. Mwezi Septemba 2009 Norway iliitoa kampuni ya Elbit Systems katika mfuko wake mkubwa wa akiba, ikisema wazi kwamba kampuni hiyo iliuza vyombo vya uangalizi vya ukuta ule. Tarehe 12 Novemba 2019 Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua kwamba vyakula vinavyotoka katika makaazi ya walowezi lazima viandikwe asili yake, mnunuzi asidanganywe. Ni mambo madogo, lakini maiti hatii lebo chupa ya mvinyo.

Wengine wote waliichukua aini wakaigeuza kifaya, wakasubiri atokee wa kuwafanyia. Baraza Kuu lilipopigia kura maoni ya Mahakama tarehe 20 Julai 2004, nchi 150 zilisema ndiyo, sita zikasema hapana, kumi zikakaa kando. Mia na hamsini! Ni kama mtaa mzima uliofika msibani, ukala pilau, ukaondoka, na jeneza bado liko sebuleni.

Kuna na lile daftari. Mwaka 2006 Baraza Kuu liliunda ofisi ya kuorodhesha hasara zilizosababishwa na ukuta, na ikawekwa Vienna. Makumi ya maelfu ya madai yamepokelewa: mizeituni iliyong'olewa, ardhi iliyokatwa, visima vilivyobaki ng'ambo. Ofisi hiyo huandika tu. Hailipi wala haiamui alipe nani kiasi gani. Kila mwenye duka visiwani analijua daftari la mkopo, na anajua kwamba halina nguvu ya kumtoa mtu senti. Hata hivyo hapana mwenye duka anayelichoma. Mdeni ndiye atakaye lichomwe, na ndiye wa kwanza kusema mambo ya zamani yasahauliwe.

Deni lilidaiwa tena. Tarehe 19 Julai 2024 Mahakama ilitoa maoni mapya, mapana zaidi: kwamba kuwepo kwenyewe kwa Israel katika ardhi inayokaliwa si halali na kunapaswa kukoma haraka iwezekanavyo. Tarehe 18 Septemba 2024 Baraza Kuu likatoa muda wa miezi 12, kwa kura 124 dhidi ya 14, nchi 43 zikikaa kando. Muda huo ulikwisha Septemba 2025 bila ya lango hata moja kung'olewa kwa ajili yake. Nayataja haya ili nisiambiwe kwamba nauza matumaini. Siuzi. Nasema tu kwamba anayesema "sheria imeshindwa" amezisamehe kwa sentensi moja serikali zaidi ya mia, ambazo kila moja iliambiwa la kufanya na haikulifanya.

Wapo walioitumia sheria iliyo karibu nao. Wanakijiji wa Bil'in, magharibi ya Ramallah, waliandamana kila Ijumaa tangu 2005 na wakashitaki katika Mahakama Kuu ya Israel yenyewe. Septemba 2007 mahakama iliamuru njia ya uzio ibadilishwe, na mwaka 2011 ukasogezwa, sehemu ya mashamba ikarudi. Mahakama hiyo hiyo haikuyagusa makaazi ya walowezi yaliyokwisha kujengwa juu ya ardhi ya kijiji. Mahakama ya mbali ilisema kweli nzima na haikusogeza kitu. Ya karibu ilisema robo ya kweli ikasogeza uzio. Sijui mwanafalsafa angesema nini hapo. Mkulima alirudi shambani.

Hata hivyo mpaka wa sheria upo, na nasikitika kwamba wanaoililia hawauoni kwa kuwa wanatazama upande mwingine. Mahakama iliulizwa juu ya ukuta uliojengwa katika ardhi ya wengine. Lau ungeufuata Mstari wa Kijani hatua kwa hatua, The Hague ingekuwa na machache ya kusema. Sheria ya kimataifa huijua ardhi kwanza, mtu baadaye. Soma kifungu cha 13 cha Tangazo la Haki za Binadamu la 1948: kila mtu ana haki ya kutoka katika nchi yoyote, na ya kurudi katika yake. Haki ya kuingia katika ya mwingine haimo. Nchi zimempa binadamu ubawa mmoja wa mlango. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 unakataza kumrudisha mkimbizi kwenye hatari, lakini sharti kwanza afike. Na kuta za leo kazi yake ni kuhakikisha hafiki.

Huko Melilla, mji wa Uhispania ulio kwenye pwani ya Morocco, vijana wawili wa Mali na Côte d'Ivoire waliukwea uzio mwaka 2014 wakarudishwa siku ile ile bila ya kuulizwa majina. Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliwapa haki 2017. Baraza lake Kubwa likawanyang'anya tarehe 13 Februari 2020, kwa hoja kwamba walijitia wenyewe katika makosa kwa kutopita mlango halali. Tarehe 24 Juni 2022 watu wasiopungua 23 walikufa kwenye uzio huo huo, wengi wao Wasudani. Mlango halali ulikuwapo kwenye karatasi.

Na sisi? Sisi wa pwani tunapenda kuizungumza mipaka kana kwamba ni ugonjwa wa Wayahudi na Waarabu, au wa Wazungu. Mipaka yetu ilichorwa na hiyo hiyo sheria ya kimataifa ilipokuwa kijana. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana baina yao kwamba Sultani wa Zanzibar atabaki na ukanda wa pwani wa maili kumi, pamoja na miji kama Kismayu, Barawa, Marka na Mogadishu, na Sayyid Barghash akaletewa akubali. Mwaka 1964, huko Cairo, wakuu wa Afrika, kwa hoja iliyotoka kwa Mwalimu Nyerere, waliapa kuiheshimu mipaka kama walivyoikuta siku ya uhuru. Huenda walizuia vita vingi. Lakini Wabajuni, wenye ndugu na makaburi toka Kismayu hadi Pate, waliamka wakiwa watu wa nchi mbili.

Mwaka 2015 serikali ya Kenya ilitangaza kwamba itajenga ukuta katika mpaka wake na Somalia, mpaka wa kilomita zipatazo 700 unaoishia baharini karibu na Kiunga. Hatari ilikuwa ya kweli na ya uchungu: tarehe 2 Aprili mwaka ule wauaji wa al-Shabab waliwaua watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa. Kilichojengwa upande wa Mandera ni kilomita chache za seng'enge. Nchi ikijenga kwake, sheria hainyanyui kichwa. Nani kati ya malenga wetu aliyeandika beti moja juu ya seng'enge za Mandera?

Ukaja mpaka wa baharini. Somalia iliishitaki Kenya The Hague mwaka 2014. Kesi ilipofika ukingoni Kenya ilikataa kuhudhuria, Septemba 2021 ikaondoa kibali chake cha kukubali mamlaka ya Mahakama, na hukumu ilipotoka tarehe 12 Oktoba 2021 Rais wake akaikataa yote. Ile haikuwa maoni ya ushauri. Ilikuwa hukumu kamili, yenye kufunga pande zote mbili. Nikawasikia watu wale wale waliokuwa wakiilaani Israel kwa kuidharau The Hague wakiipongeza Nairobi kwa ushujaa. Hapo ndipo nilipojua kwamba sheria haikuwa na haja ya adui mwingine.

Nawageukia wenzangu wa kalamu. Tumeufanya ukuta kuwa istiari. Kila mwezi nasoma "ukuta wa dhuluma", "ukuta wa mioyo", "ukuta wa wivu", vina vimetulia na mizani haina kasoro, na hamna kijiji hata kimoja ndani yake. Hemedi bin Abdallah wa Tanga alipotunga utenzi wa vita vya Wadachi aliwataja watu kwa majina na miji kwa majina, na ndiyo sababu mwanahistoria bado anaufungua. Shairi lisemalo ukuta na lisiseme Qalqilya halimdai mtu yeyote kitu. Hata mjenzi anaweza kulisoma kwa sauti harusini.

Uamuzi wote wa 2004 umo katika fungu la 163. Nimeshalifasiri, kuanzia kipande A hadi E, na nakala nimemwachia mhariri. Atakaye kulisoma barazani na aje aichukue, na kipande D akisome pole pole, kwa kuwa ndicho kilichoandikiwa serikali zote, ya kwetu ikiwamo.